Usinunue nguvu kabla hujajua kuondoka

Tangu tuzungumzie magari kwenye kipindi, swali linalorudi ni moja kwa sura tofauti: nina gari ya kawaida, nina hela kidogo, nataka ipunguze muda kwenye dragi, nianze wapi? Na wengi wanaouliza tayari wana jibu lao mfukoni. Wanataka niwaambie "rimapu" ili wakalale. Yaani umlipe mtu achomeke laptop, apange upya kompyuta ya injini, na nguvu iongezeke kabla chai haijapoa.

Jibu langu ni: bado. Kwanza nionyeshe karatasi yako ya muda.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, mbio za dragi ni barabara moja iliyonyooka, robo maili, mita 402. Magari mawili, mti wa taa katikati, unakanyaga, basi. Hapa Uingereza nyumbani kwake ni Santa Pod, karibu na kijiji cha Podington, Bedfordshire, palipokuwa uwanja wa ndege za kijeshi wakati wa Vita vya Pili. Ulifunguliwa Pasaka ya 1966, na ndio uwanja wa kwanza wa kudumu wa dragi barani Ulaya. Wiki kubwa utaona magari yanayotoa moto kama roketi. Lakini zipo siku za Run What Ya Brung, ambapo wewe mwenye leseni yako unalipa, gari inakaguliwa, unapanga foleni na kile ulichokuja nacho. Corsa ya mwanafunzi, vani ya fundi bomba, Tesla ya mtu ambaye mkewe anadhani ameenda sokoni.

Mfano wangu ni binamu yangu. Kwa umri ni mdogo wangu, ndiyo maana ananiita dada, na ndiyo maana hanisikilizi. Anafanya kazi kwenye ghala nje ya Leicester, zamu inaingia saa kumi na mbili asubuhi, na saa hizo basi la kumfikisha halipo. Gari yake ni Golf GTI ya 2007, ile Mk5 ya giya za mkono: injini ya lita 2.0 yenye tabo, nguvu za farasi 197, inavuta kwa tairi za mbele. Alikuwa ameweka kando pauni 600. Gari ikivunjika Jumapili, Jumatatu hana jinsi ya kufika kazini, na mama yake naye hana wa kumpeleka kliniki. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta muda, lakini kwa gari inayorudi nyumbani kwa miguu yake yenyewe.

Siku ya kwanza, Julai, alirudi na sekunde 15.38 na uso wa msiba. "Da, gari imechoka. Lazima rimapu."

Haikuwa imechoka. Ile karatasi wanayokupa kibandani baada ya kila mbio inasema mambo mengi kuliko namba ya mwisho, ila watu huipiga picha ya namba ya mwisho tu na kuituma kwenye grupu. Juu kabisa kuna muda wako wa kuitikia taa. Huo uweke pembeni, manake hauhesabiwi kwenye muda wa mbio. Saa inaanza pale tairi yako inapotoka kwenye mwale wa mstari wa kuanzia. Ukilala kwenye taa ya kijani sekunde nzima, utapigwa na jirani yako, lakini muda wako wa robo maili uko palepale. Chini yake kuna muda wa futi 60 za kwanza, yaani mita 18, halafu futi 330, nusu ya njia, futi 1,000, na mwisho. Na pembeni ya mwisho kuna kasi, ambayo hupimwa kwenye futi 66 za mwisho kabla ya mstari.

Kasi ya mwisho inakwambia injini yako ina nini. Futi 60 zinakwambia wewe na tairi zako mna nini. Nusu ya makala hii iko hapo.

Binamu alipita mstari kwa maili 93 kwa saa. Kuna hesabu ya zamani ambayo watu wa dragi huitumia: chukua uzito wa gari na dereva kwa paundi, gawanya kwa nguvu za farasi, tafuta kipeuo cha tatu. Ukigawanya 234 kwa jibu hilo unapata kasi ya mwisho. Ukizidisha jibu hilo kwa 5.825 unapata sekunde. Golf yake na yeye ndani ni kama kilo 1,400, paundi 3,086. Fanya kwenye simu yako: kasi inatoka maili 93 na nusu, muda sekunde 14.6. Yaani kasi aliyopata ndiyo ile gari ya kiwandani inayostahili. Injini ya miaka yote hiyo haikuwa imepoteza hata punda mmoja. Lakini muda ulikuwa sekunde 0.8 nyuma ya hesabu.

Sasa tazama futi 60 zake: 2.52. Hapo ndipo zilipokuwa zimemwagika.

Kanuni ya wenyeji ni kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa kwenye futi 60, mwisho wa njia inakuwa moja na nusu, wakati mwingine hata mbili. Sababu ni rahisi: gari iliyoondoka vizuri inabeba ile kasi ya ziada njia nzima. Nguvu ya injini huja kukusaidia baadaye, ukishashika barabara. Kabla ya hapo inasaga tairi tu. Babangu, ambaye alijifunza ufundi Mombasa kabla mimi sijazaliwa, alisema neno moja alipoionyeshwa video: "Hiyo mapafu inayo. Haina miguu."

Basi tukaanza na miguu, na tukaanza na vitu vya bure.

Cha kwanza, maji. Kabla ya mstari kuna sehemu yenye maji, ya magari yenye tairi laini za mbio kuzungushia na kupasha moto. Vijana wakiiona wanaingia, wanapiga moshi, marafiki wanashangilia. Kama una tairi za barabarani, ikwepe. Pita pembeni. Mifereji ya tairi yako inabeba yale maji hadi mstari wa kuanzia, unaondokea kwenye unyevu wako mwenyewe, na anayekufuata naye unamharibia. Ukishapita pembeni zungusha kidogo kwenye pakavu, sekunde moja au mbili, kudondosha vijiwe na vumbi. Inatosha. Tairi ya kawaida ukiichemsha sana inakuwa kama sabuni.

Cha pili, upepo wa tairi. Binamu alikuja na psi 35 kote, kama alivyojaza petroli steshen. Kwa gari inayovuta mbele, punguza mbele ili tairi ilale na kushika, na ongeza nyuma ili zile za nyuma zizunguke bila kuburuta na zisibonyee gari inapoinamia nyuma. Tulishuka mbili mbili, mbio moja kila mara, tukiandika. Kwake 29 mbele ilikuwa nzuri. 27 ikawa mbaya, ubavu wa tairi ukaanza kucheza. Nyuma tukaweka 40, ndani ya kikomo kilichoandikwa ubavuni. Kwako zitakuwa namba nyingine. Nunua geji yako mwenyewe, ya pauni 15, usiamini ile ya steshen. Na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, kwa sababu kurudi barabara kuu na 29 mbele ni kutafuta makubwa.

Cha tatu ni kusimama. Kwenye mstari kuna miale miwili, na kila mmoja una taa yake juu ya mti. Ya kwanza inasema unakaribia, ya pili inasema umefika. Sogea kama mtu anayeegesha karibu na gari ya baba mkwe, na taa ya pili ikiwaka tu, simama. Hapo tairi yako ina sentimita kadhaa za kusafiri kabla ya kuuacha mwale na kuwasha saa. Hizo ni sentimita za bure, unaanza kuhesabiwa ukiwa tayari unatembea. Wanaosogea mbele zaidi wanafanya hivyo ili wawahi taa dhidi ya mpinzani. Huo ni mchezo mwingine.

Kwa hayo matatu tu, futi 60 zilishuka kutoka 2.52 hadi 2.38, siku ileile. Hakuna spana iliyoguswa.

Kuondoka kwenyewe ndiko kunakochukua muda kujifunza, na hapa sina njia ya mkato. Gari ya kuvuta mbele ina tatizo la maumbile: ukikanyaga, uzito unakimbilia nyuma, na tairi zinazofanya kazi zinapunguziwa mzigo sekunde ileile unayozihitaji. Ukipiga mizunguko 5,000 na kuachia klachi ghafla, tairi zinazunguka bure, au mbaya zaidi, zinaruka. Mtaijua ikitokea: pua nzima ya gari inagonga gonga kama inapita juu ya ngazi. Hapo toa mguu mara moja. Huo mgongano ndio unaovunja shafti na giyaboksi, na ndio unaomfanya mtu apigie simu lori la kubeba gari Jumapili jioni.

Binamu alipata usalama wake kwenye mizunguko kama 2,800. Kizuia mtelezo kimezimwa, klachi inaachiwa hadi inaposhika, inashikiliwa hapo kidogo, kisha akseleta inafuata mguu taratibu hadi chini. "Taratibu" hapa ni chini ya sekunde mbili, lakini kwa mtu mwenye hasira ni milele. Nilimwambia afikirie anavyoondoka na sufuria ya pilau kwenye kiti cha nyuma. Alicheka, akafanya, 2.28.

Giya pia zilikuwa na lake. Alikuwa anavuta kila giya hadi injini inapiga kelele za mwisho. Injini hii nguvu yake kamili iko kati ya mizunguko 5,100 na 6,000, baada ya hapo inashuka. Kubadilisha ikipita 6,000 kidogo kunatosha. Zaidi ya hapo unasikiliza muziki tu.

Uzito niupite haraka, mnaujua. Gurudumu la akiba, jeki, spika ya buti, kiti cha mtoto wa dada yake, madumu ya maji: vyote vilibaki nyumbani au vikashushwa kwenye turubai pale uwanjani. Petroli ni karibu robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo tangi lililojaa ni kubeba mtu wa bure. Na kwa gari kama hii tangi liko nyuma, upande usioutaka. Kwa jumla kama kilo 60, ambazo kwa hesabu ileile ya juu ni sehemu moja na nusu ya kumi, labda mbili. Kung'oa viti sikumruhusu. Mama yake ndiye anayekaa hapo.

Joto lisimamieni vizuri. Hewa ya baridi ni nzito, na injini inakula hewa. Nyuzi 10 za joto zikiongezeka, hewa inapungua uzito kwa asilimia tatu na kitu. Gari ya tabo inaumia mara mbili, kwa sababu rejeta ya kupoza hewa ya tabo nayo ikishachemka haipozi tena. Kwa hiyo ile tabia ya kumaliza mbio na kurudi kwenye foleni dakika hiyohiyo na injini inanguruma ni kujipunja. Fungua boneti, kula sandwichi yako, sukuma gari kwa mkono foleni ikisogea. Mbio nne zilizopoa ni bora kuliko tisa za moto, na mkoba wako utanishukuru.

Hela ya kwanza iliyotoka kwa maana ilikuwa ya tairi. Alikuwa na tairi za mbele za bei ya chini, ngumu, za miaka sita. Akanunua mbili nzuri za kiangazi, za kampuni inayojulikana, pauni 210 na kufungwa. Nisingefanya hivi kama zingekuwa za mbio peke yake. Lakini tairi inayoshika vizuri Santa Pod ndiyo inayofunga breki vizuri kwenye mvua ya M1 saa kumi na moja alfajiri. Na pauni kama 30 zikaenda kwenye kipande cha mpira mgumu kinachoziba uwazi kwenye mauntingi ya chini ya injini, ile inayozuia injini kujipinda mbele na nyuma. Kuruka kwa tairi kulipungua sana. Usukani sasa unatetemeka kidogo ukisimama kwenye taa; mama yake ameshauliza.

Futi 60: 2.15. Robo maili: 14.71. Kasi ya mwisho: maili 93 na nusu. Iangalie hiyo kasi tena. Injini haikuguswa. Sekunde 0.67 zimetoka kwenye tairi, mguu na buti, kwa pauni zisizofika 260.

Ndipo tukaongea rimapu. Na hata hapo, kwanza tukafungua. Injini hii ya Mk5 ina ugonjwa unaojulikana: pampu ya petroli ya shinikizo kubwa inasukumwa na kamshafti kupitia kikombe kidogo cha chuma, na kikombe hicho huliwa. Kikitoboka, kinaharibu pampu na kamshafti. Kukikagua ni kazi fupi, kipya hakina bei ya kutisha, na mtu yeyote anayekuuzia nguvu za ziada bila kukuuliza kuhusu kikombe hicho, chukua funguo zako uondoke. Chake kilikuwa kimeliwa hadi weusi wa juu umeisha. Kikabadilishwa. Plagi mpya, oili mpya, klachi ikajaribiwa kwenye giya ya juu kuona kama inateleza.

Rimapu yenyewe ilikuja Oktoba, alipokuwa ameongeza akiba. Na mbio ya kwanza baada yake? 14.66. Kasi ya mwisho imeruka hadi maili 100, injini ni simba, na muda umepungua sehemu tano za mia. Futi 60 zilikuwa zimerudi 2.45. Nguvu mpya zilikuja mapema, tairi zikasaga hadi giya ya pili. Angeanza na rimapu Julai, na tairi zile za zamani, angekuwa ametoa hela yake yote na kurudi nyumbani akilaumu fundi. Kwa kuwa alishajua kusoma karatasi, alishusha mizunguko ya kuondokea, akasubiri giya ya pili ndipo akanyage yote, na kabla jua halijazama akapata 14.12.

Kuna jambo moja ambalo vijana wananikatiza nikilisema, na nitalisema. Badiliko lolote la gari, hata rimapu isiyoonekana, mwenye bima lazima aambiwe. Binamu alipiga simu, malipo yakapanda, akanuna siku mbili, akalipa. Usipowaambia, siku ya ajali ya kweli, M1 kwenye mvua, wanaweza kukukana. Na bima nyingi za kawaida hazikulindi kabisa ukiwa uwanjani, hivyo kinachovunjika pale ni chako. Soma karatasi za siku hiyo kabla ya kwenda, chukua kofia ngumu na nguo za kufunika mikono na miguu. Mlioko Marekani, kwa sheria za NHRA kofia ni lazima kuanzia sekunde 13.99 kushuka chini, kwa hiyo msianze kunitumia ujumbe kwamba gari zenu haziko mbio kiasi hicho.

Na wale wa maegesho ya viwandani saa sita usiku: sheria ya 2002 inawapa polisi wa hapa uwezo wa kukamata gari inayoendeshwa kihuni. Lakini mimi nina sababu nyingine. Lami ya Santa Pod imepakwa gundi na mpira hadi kiatu kinang'ang'ania ukitembea. Barabara ya viwandani ina oili ya malori na paka. Hakuna karatasi ya muda, kwa hiyo hata ukishinda hujajifunza kitu. Na mbele ya mstari wa mwisho hakuna nafasi ndefu ya kusimamia, kuna mzunguko wa barabara na mtu anayetoka zamu kama binamu yangu.

Kabla ya kuondoka uwanjani, jioni ile ya Oktoba, alirudisha upepo 35 mbele, akakaza nati za rimu kwa spana ya kipimo, akarudisha gurudumu la akiba na kiti cha mtoto. Saa kumi na moja na nusu asubuhi yake gari iliwaka, akaenda kazini.

Sasa anataka 13 na kitu. Ameanza kunitumia picha za difu ya kuzuia mtelezo, usiku, bila salamu. Bei yake pamoja na kufungwa ni zaidi ya vyote nilivyoandika hapa vikijumlishwa. Nimemuuliza futi 60 zake za wastani ni ngapi. Anatafuta karatasi.